Gesi Imekwenda Wapi?

Nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu, na wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kukaa kimya. Sikusafiri, sikuumwa. Nilikuwa na kesi na jokofu. Naam, jokofu, au friji kama tunavyoliita wote isipokuwa wahariri wetu. Na kama ilivyo kawaida yangu, jambo la nyumbani limenitumbukiza kwenye vitabu, na huko nimekutana na mambo ambayo nimeona ni uchoyo kubaki nayo peke yangu. Kwa hiyo leo siasa tunaiweka kando. Wekeni chai karibu, hii ni ndefu kidogo.

Friji lenyewe ni la mama. Ni la mtumba, milango miwili, limeshatumika ughaibuni kabla ya kushushwa kwetu. Ndani huwa kuna maji ya kunywa, samaki wa siku mbili, barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa mtaani kwenye vifuko vya nailoni, na kwenye rafu ya katikati, ndani ya kopo la biskuti, kuna insulini yake. Hapo ndipo mzaha unapoishia. Mama ana kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Joto la Dar es Salaam la Februari linaichosha pole pole, na ikiganda ikawa barafu nayo ndiyo basi, hata ukiiyeyusha. Ubaya wake ni kwamba dawa iliyopungua nguvu mara nyingi haionyeshi usoni. Unajichoma sindano kama kawaida, unakula kama kawaida, sukari inapanda na hujui kwa nini.

Novemba barafu za ukwaju zilianza kutoka laini. Akaitwa fundi wa mtaani, kijana mchangamfu, akapapasa nyuma ya friji, akatamka: "Gesi imeisha." Akajaza, tukalipa, friji likapoa. Januari likarudia. "Gesi imeisha." Akajaza, tukalipa. Februari tena. Kila mara kabla ya kujaza alikuwa anafungua kile kijibomba cha kompresa na kuachia mabaki yaliyomo, psiiii, yakaenda zake uchochoroni. Na mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada yake ukutani, ninayelipwa mshahara kwa kuuliza maswali, nilisimama pale mara zote tatu nimeshika tochi ya simu na sikuuliza swali lililo wazi kuliko yote: hiyo gesi imekwenda wapi?

Maana friji si jiko la gesi, jamani. Halichomi kitu. Gesi iliyotiwa kiwandani inazunguka humo humo ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji zima linaweza kumaliza maisha yake, miaka 15 au 20, bila kuongezewa hata gramu moja. Kama imepungua, basi kuna mahali imetoka. Na kama imetoka, kuna mahali imekwenda. Nilipoanza kusoma ndipo nikagundua kwamba swali hili nililolikwepa mara tatu ndilo historia yote ya friji kwa karibu miaka 200. Kuna watu wamekufa kwa sababu halikuulizwa, na kuna watu wawili lilowapatia Tuzo ya Nobel.

Tuanze na kitu mnachokijua. Bibi yangu alikuwa na mtungi kwenye kona ya ukumbi, umewekwa juu ya kata ya kamba, kifuniko cha mbao, kikombe juu yake. Maji yake yalikuwa baridi saa nane ya mchana wakati bati lote juu linapasuka kwa joto. Hakuna umeme. Udongo unapitisha maji kidogo kidogo, yanafika nje, yanakuwa mvuke, na maji hayawi mvuke bure: lazima yachukue joto mahali fulani. Yanalichukua kwenye mtungi. Ni jambo lile lile linalokufanya utetemeke ukitoka baharini upepo ukivuma, na ni lile lile unalolisikia mkononi nesi anapokupaka spiriti kabla ya sindano.

Friji ni mtungi uliofungwa mviringo. Badala ya maji hutumia kitu kinachochemka upesi zaidi. Ile gesi iliyoandikwa R-134a nyuma ya friji la mama huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa shinikizo la kawaida la hewa. Ikichemka ndani ya kuta za friza inanyonya joto la samaki wako. Kompresa, kile kibuyu cheusi kilichokaa chini nyuma, inaivuta, inaibana mpaka inapata moto, inaisukuma kwenye mabomba ya nyuma ambako inamwaga joto lake jikoni kwako na kugeuka kimiminika. Halafu inapenyezwa kwenye kibomba chembamba sana, inatokea upande wa pili penye nafasi na shinikizo dogo, inachemka tena. Kwa hiyo friji halitengenezi baridi. Linabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, kama kuli. Ndiyo maana ukiacha mlango wake wazi ili upoze chumba unajidanganya: chumba kinazidi kupata joto.

Wa kwanza kuonyesha jambo hili kitaalamu alikuwa William Cullen, daktari na mwalimu wa chuo kikuu huko Uskoti, katikati ya karne ya 18. Alitumia pampu kuvuta hewa kutoka kwenye chombo chenye etha, etha ikachemka bila moto, na maji yaliyokuwa karibu yakaganda. Aliandika makala yake, ikachapishwa mwaka 1756, watu wakasema ajabu, wakaendelea na shughuli zao. Ilibidi kungoja mpaka 1834 ndipo Mmarekani aliyekuwa akiishi London, Jacob Perkins, akasajili hataza ya mashine iliyofunga mzunguko, yaani mvuke uvutwe, ubanwe, upozwe, urudi kuanza upya. Friji la mama yangu ni mjukuu wa karatasi ile.

Lakini ninayempenda mimi katika hadithi hii ni mwingine, na mtanisamehe nikikaa kwake, kwa sababu alikuwa mwenzetu. James Harrison alikuwa Mskoti aliyejifunza uchapaji Glasgow, akahamia Australia mwaka 1837, na kuanzia 1840 akawa mhariri wa gazeti la Geelong Advertiser, ambalo baadaye alilimiliki. Enzi hizo herufi za risasi zilisafishwa kwa etha. Inasimuliwa kwamba Harrison aliona kila akizisafisha, chuma kinakuwa baridi vidoleni. Wachapaji wangapi walikuwa wamehisi ubaridi ule? Wote, nadhani. Yeye alijiuliza kwa nini. Katika miaka ya 1850 alikuwa tayari ametengeneza mashine ya barafu kando ya mto Barwon, mwaka 1856 akaenda London kuisajili, na aliporudi mashine zake zikatumika mpaka kwenye kiwanda cha bia huko Bendigo.

Angekuwa tajiri. Hakuwa. Alifilisika, akalipoteza gazeti. Mwaka 1873, akiwa Melbourne, alionyesha hadharani nyama iliyogandishwa kwa miezi ikaliwa bila shida, akapongezwa, na mwaka huo huo akapakia tani 20 za nyama kwenye meli iitwayo Norfolk kwenda London. Kwa safari ile hakutumia mashine yake melini, alitumia barafu na chumvi ndani ya matangi. Matangi yakavuja. Nyama ikaoza njiani ikatupwa baharini, na pamoja nayo zikazama fedha na jina lake. Miaka tisa baadaye, 1882, meli ya Dunedin ilitoka New Zealand na nyama iliyogandishwa kwa mashine ikafika London salama, na biashara ya nyama ya dunia ikabadilika. Harrison wakati huo alikuwa amerudi kuandika magazetini. Alikufa mwaka 1893. Kila nikipita chumba cha habari usiku, mhariri wa zamu amelala juu ya kiti, namkumbuka.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana hapa ndipo linapoanza kuua.

Etha inalipuka. Kwa hiyo miaka ya 1870 Mjerumani Carl von Linde akaleta mashine za amonia, na viwanda vya bia vikazipokea kwa mikono miwili. Kiwandani amonia haina neno sana: ikivuja inanuka, watu wanakimbia, fundi anaingia. Tatizo likaja friji lilipoingia nyumbani, kwenye miaka ya 1910 na 1920. Mafriji yale ya mwanzo mengi yalikuwa na mota nje inayozungusha kompresa kwa mkanda, na pale mhimili unapoingia ndani ya kompresa paliwekwa muhuri wa kuzuia gesi isitoke. Mihuri ile ilichakaa. Na gesi zilizotumika zilikuwa amonia, dayoksidi ya salfa na kloridi ya methili. Dayoksidi ya salfa angalau ina adabu, inakuamsha kwa kukukaba koo. Kloridi ya methili ndiyo mchawi: harufu yake hafifu na tamu tamu, ikijaa chumbani usiku unapata usingizi, na huamki. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watu walikufa hivyo katika majumba ya ghorofa ya Chicago. Familia imelala, friji la jikoni linanguruma, asubuhi majirani wanavunja mlango.

Huko Berlin mwaka 1926, kwa mujibu wa simulizi inayojulikana, Albert Einstein alisoma gazetini habari ya familia nzima, wazazi na watoto, iliyouawa na gesi iliyovuja kwenye friji. (Habari fupi ya ukurasa wa ndani, naamini, ya aina ile ambayo sisi huwa tunaona kero kuiandika.) Akamwambia kijana mwenzake wa fizikia, Leo Szilard, kwamba lazima kuna njia bora. Wawili hawa wakakaa miaka kadhaa wakibuni mafriji yasiyokuwa na kitu kinachozunguka, kwa hoja rahisi kwamba pasipo na mhimili hapana muhuri, na pasipo na muhuri hapana pa kuvuja. Walipata hataza nyingi, mojawapo Marekani mwaka 1930. Friji lao halikufika jikoni kwa mtu, ingawa pampu waliyoibuni ilikuja kuwafaa wahandisi wa nyuklia baadaye. Upande wa Marekani kampuni ya General Electric ilikuwa imepita njia fupi zaidi: friji lake la mwaka 1927, lile lenye kofia ya mviringo juu, mota na kompresa vilifungwa pamoja ndani ya chuma kimoja. Ndivyo mafriji ya nyumbani yalivyo mpaka leo. Ila ndani bado ilikuwa ni dayoksidi ya salfa.

Kabla sijasahau, kuna ndugu yao mwingine ambaye wazee wetu wanamjua vizuri, friji la mafuta ya taa. Lile walilibuni wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi Stockholm mwaka 1922, Baltzar von Platen na Carl Munters. Halina kompresa kabisa, linaendeshwa na joto la utambi, na ndilo lililohifadhi chanjo katika zahanati nyingi za shamba na soda katika maduka ambayo umeme haukuwahi kuyafikia. Likigoma kupoa, dawa yake ya kienyeji ilikuwa kulipindua kichwa chini, miguu juu, lilale hivyo kwa saa kadhaa, na mara nyingi lilipona kweli. Tafadhali msijaribu kwa friji la kompresa. Mafuta ya kompresa yataingia kwenye mabomba na mtakuwa mmeua mgonjwa aliyekuwa na mafua tu.

Basi, mwaka 1928 kampuni ya General Motors, ambayo ilikuwa inamiliki pia kiwanda cha mafriji, ikampa kazi mtaalamu wake Thomas Midgley: tafuta gesi isiyoua wala kuwaka. Midgley na wenzake, Albert Henne na Robert McNary, waliipata haraka mno. Ilikuwa na klorini, florini na kaboni, ikaja kuitwa Freon, na mafundi wanaijua kwa jina la R-12. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi ile kifuani, kisha akaipuliza taratibu kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika. Hakufa, na hakuna kilicholipuka. Kwa tendo moja alijibu maswali mawili ambayo familia zile zilikuwa zimeyalipia kwa maisha yao.

Msikimbilie kumshangilia. Huyu huyu Midgley ndiye aliyeleta risasi kwenye petroli mwaka 1921, sumu ambayo dunia nzima ilikuja kuivuta kwa karne nzima. Lakini kwenye gesi ya friji sidhani kama ni haki kumlaumu. Aliulizwa kama inaua mtu chumbani, na jibu lake lilikuwa la kweli. Hakuna aliyemuuliza inakwenda wapi ikitoka chumbani. Alifariki mwaka 1944.

Miaka 40 gesi ile ilivuja kwa raha zake. Kwenye mafriji, kwenye viyoyozi vya magari, na zaidi ya yote kwenye makopo ya kupuliza marashi na dawa ya mbu, ambako ilitengenezwa makusudi iruke. Haikumdhuru mtu, haikunuka, nani angejali? Mwaka 1971 Mwingereza James Lovelock alipanda meli ya Shackleton kuelekea Antaktika akiwa na kifaa alichokibuni mwenyewe, akawa anapima hewa njia nzima. Akaikuta gesi ya jamii hii kila mahali, mpaka katikati ya bahari ya kusini ambako hakuna friji wala mtu. Yeye mwenyewe aliandika kwamba haina hatari yoyote. Lakini taarifa zake zilimfikia Sherwood Rowland wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, na kilichomkaa Rowland kichwani ni kwamba kiasi kilichokuwa hewani kilikaribiana na kiasi chote ambacho viwanda vilikuwa vimeshakitengeneza. Maana yake, hakuna kilichoharibika. Yote iko juu. Sasa itaishia wapi?

Mwaka 1973 alilikabidhi swali hilo kwa kijana Mmeksiko aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza udaktari wake wa falsafa, Mario Molina. Jibu lao lilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1974. Gesi haioshwi na mvua wala haivunjwi na chochote huku chini, kwa hiyo inapanda miaka na miaka mpaka juu kabisa, na huko miale mikali ya jua inaivunja na kuachia klorini, na chembe moja ya klorini inaharibu maelfu kwa maelfu ya chembe za ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba Rowland alirudi nyumbani jioni moja akamwambia mkewe kazi inakwenda vizuri, isipokuwa inaonekana kama mwisho wa dunia.

Wenye viwanda waliwabeza kwa miaka kumi. Marekani ilipiga marufuku makopo ya kupuliza yenye gesi hizo mwaka 1978, lakini mengi yakabaki palepale. Kisha Mei 1985, Joseph Farman na wenzake wawili, waliokuwa wakipima ozoni katika kituo cha Uingereza cha Halley, Antaktika, ambako vipimo vilikuwa vikichukuliwa tangu 1957 kwa kifaa cha kizamani, walitangaza kwamba kila msimu wa machipuko ya huko ozoni inaporomoka vibaya. Setilaiti ya Marekani ilikuwa inapita juu ya pale pale. Namba zake zilikuwa zimeona jambo hilo hilo, ila zilikuwa zimetiwa alama ya kushukiwa kuwa makosa kwa sababu zilikuwa ndogo kupita kiasi. Hili nimelibandika juu ya meza yangu ya kazi.

Mambo yakaenda mbio. Mkataba wa Montreal ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na aliyewasukuma wakubwa kukaa mezani alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba, mkuu wa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi. Sekretarieti ya ozoni iko huko huko Nairobi hadi leo. Mwaka 1995 Molina na Rowland walipata Nobel ya kemia pamoja na Paul Crutzen. Tarehe 1 Januari 2010 hata sisi nchi maskini tulipaswa kuwa tumeachana na R-12. Wanasayansi waliotathmini mwaka 2022 walisema tabaka litarudi hali yake ya 1980 karibu na 2040 kwa sehemu kubwa ya dunia, na karibu na 2066 kule Antaktika. Sisi tunaolalamika kila siku kwamba mikutano ya kimataifa ni posho na chakula cha mchana tukubali kwamba huu mmoja ulifanya kazi.

Mrithi wa R-12 ndiye aliyekuwa akitoroka uchochoroni kwetu. R-134a haina klorini, haigusi ozoni. Ila kilo moja yake, kwa hesabu ya miaka 100, inatega joto hewani sawa na takribani kilo 1,430 za hewa ukaa. Kibandiko nyuma ya friji la mama kinasema gramu 150. Piga hesabu: zikitoroka zote ni zaidi ya kilo 200 za hewa ukaa, na sisi tumeliachia hilo mara tatu. Ndiyo maana Oktoba 2016 dunia ilikutana tena, safari hii Kigali, wakakesha, na alfajiri ya tarehe 15 wakakubaliana kuzipunguza gesi hizi pia. Mafriji mengi mapya sasa yana R-600a, ambayo ni ndugu wa gesi ya kupikia. Wajerumani walianza kuitumia kwenye mafriji ya nyumbani mwaka 1993. Haina madhara makubwa angani, lakini inawaka. Somni kibandiko kabla fundi hajawasha moto wa kuchomelea. Ghana, kwa upande wao, walichoka kuwa jalala la mafriji ya wenzao na mwaka 2013 wakafunga mlango kwa mafriji ya mtumba. Sisi wa friji la mtumba tunakohoa kidogo hapo.

Haya, la mama likaishaje?

Nilimpata fundi mwingine, mzee wa Buguruni. Nikamwamkia, akaitika, akakaa juu ya ndoo, na kabla ya kugusa chochote akauliza: "Kijana, limejazwa gesi mara ngapi?" Nikamwambia tatu. Akatikisa kichwa, akamgeukia mama: "Pole sana, mama."

Alianza na mambo madogo, maana, kwa maneno yake, friji lisilopoa mara nyingi halina ugonjwa wa gesi. Akalivuta mbali na ukuta, sisi tulikuwa tumelibana kabisa. Akafunga mlango juu ya noti ya shilingi elfu moja akaivuta: ikikaza, mpira wa mlango ni mzima, ikitoka kirahisi, joto linaingia hapo usiku kucha. Akapangusa vumbi kwenye mabomba ya nyuma, kwa sababu yakivaa koti la vumbi joto halitoki. Akaniuliza kama huwa linaguna "tik" na kuzima, dalili ya rilei au umeme mdogo, na kama tunalo friji gadi la kulichelewesha dakika chache umeme ukirudi, kwani kompresa ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo halijatulia inaungua. Tunalo. Akauliza kama ni la aina ya feni, ambalo friza lake hupoa lakini chini hakupoi barafu ikiziba njia ya hewa. Si la feni.

Ndipo akashika mabomba. Kompresa ilikuwa inafanya kazi bila kupumzika, lakini mabomba ya nyuma hayakuwa na joto la maana, na ndani ya friza theluji ilikuwa imeshika kona moja tu. "Hii sasa ni gesi," akasema. "Swali ni inatokea wapi." Nusura nimkumbatie.

Alikinga mabaki kwenye mtungi wake badala ya kuyaachia. Akajaza naitrojeni ili mabomba yawe na shinikizo, akapiga povu la sabuni kwenye bakuli, akapaka kila kiungo kwa brashi. Pembeni ya draya, kile kichungi cha shaba, palikuwa na doa la mafuta ambalo nililiona mara tatu nikadhani ni uchafu. Povu likatulia hapo, kisha likaanza kuvimba, kipovu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine. Tundu lenyewe hulioni kwa macho.

Akakata, akaweka draya mpya, akachomelea, akafunga pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwa karibu saa nzima huku akitusimulia habari za mpira, halafu akapima gesi kwenye mizani: gramu 150, kama kibandiko kinavyotaka. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya kujaziwa gesi, yaani sawa na tulichokwisha kukipoteza. Simlaumu sana yule kijana wa kwanza. Hana pampu, hana mizani, na sisi wateja wake tunamtafuta kwa sababu ni rahisi. Angetutajia bei ya kazi hii mwezi wa Novemba tungesema anatuibia.

Siku zile mbili friji likiwa limefunguliwa, chupa za insulini ambazo hazijaanza kutumika zililala kwa jirani. Ile moja inayotumika mama aliiweka ndani ya chungu kidogo, akakidumbukiza kwenye chungu kikubwa chenye mchanga aliokuwa akiulowesha asubuhi na jioni, kama alivyofundishwa kliniki. Haifiki nyuzi 8 hata siku moja, lakini ni nafuu kubwa kuliko kabatini. Chungu bado kipo kwenye kona, amekataa nisikitoe. Nami nimenunua kipimajoto kidogo, nimekitundika kwenye rafu ya katikati kando ya kopo la biskuti. Leo asubuhi kilisoma 5.